Hela ya kujenga bustani huwa ipo, ya kuitunza ndo inagoma

Watu wengi wakikuta bustani ya umma imechoka, bembea imekatika mnyororo, nyasi zimefika magotini, choo kimepigwa kufuli tangu mwaka jana, wanasema basi jiji halina hela. Halafu mwaka huohuo jiji hilohilo linakata utepe kwenye bustani mpya kabisa yenye mataa na chemchemi, meya anapiga picha na watoto, na watu wanabaki wanaulizana hii hela imetoka wapi kama ya kununua mnyororo mmoja tu ilikosekana. Wengine wanahitimisha kwamba ni wizi, na wizi upo kweli kwenye baadhi ya miji siukatai, ila hata pale ambapo haijaibiwa senti hali hii inatokea vilevile, na ukishaelewa kwa nini ndo unaanza kuona jinsi bustani, njia za kutembea na programu za michezo zinavyoendeshwa kwa ujumla.

Iko hivi. Jiji lina bajeti mbili zinazoishi maisha tofauti, ya maendeleo na ya matumizi ya kawaida. Ya maendeleo inajenga: inatoka kwenye mikopo, hatifungani (yaani hati za deni ambazo jiji linauza), ruzuku ya serikali kuu, wafadhili, au ada wanazotozwa wajenzi wa majumba mapya ili wachangie maeneo ya wazi. Karibu hela zote hizi zinakuja na masharti kwamba zijenge kitu kipya au zikarabati kitu kikubwa, haziruhusiwi kumlipa mshahara anayefagia. Ya matumizi ya kawaida ndo inayolipa mishahara, maji, umeme, mafuta ya mashine za kukata nyasi, rangi, mifuko ya taka, na hii inatoka zaidi kwenye kodi za kila mwaka, ambako bustani inagombania hela na zimamoto, barabara, takataka na mengine yote ambayo yakisimama siku moja jiji zima linapiga kelele. Bustani ikikosa hela mwaka huu hakuna anayekufa kesho, kwa hiyo mapato yakishuka inakatwa mapema, na yakipanda inakumbukwa mwisho.

Sasa hapo ndo penyewe. Kila bustani mpya inayofunguliwa inaongeza kazi ya kila siku, milele. Lazima mtu atoe taka, akague vifaa, apunguze matawi, afungue choo asubuhi na kukifunga usiku. Kama bajeti ya kawaida haijaongezwa mtu hata mmoja, hizo saa zinatoka wapi? Zinatoka kwenye bustani za zamani. Yaani kikosi kilichokuwa kinapita bustani yako mara mbili kwa wiki sasa kinapita mara moja, na hakuna aliyepiga kura kuamua hivyo wala aliyetangaza, imetokea tu. Matengenezo yanasogezwa mbele mwaka hadi mwaka, na ubaya wa kusogeza ni kwamba gharama haiongezeki taratibu, inaruka: paa la ukumbi lililovuja kidogo ungeliziba kwa vigae vichache, ukiliacha miaka mitano unabadilisha dari, nyaya na sakafu. Wahasibu wengi wa majiji wanalijua hili vizuri sana, ni kwamba vigae vinahitaji hela ya matumizi ya kawaida ambayo haipo, wakati ukarabati mkubwa unaingia kwenye maendeleo ambako hela ipo, kwa hiyo mfumo wenyewe unasubiri kitu kiharibike kabisa ndo kipate hela.

Miji iliyojaribu kujinasua hapa imetumia njia tofauti na inafaa kuzitazama kwa sababu zinaonyesha pia swali la pili ambalo watu hulichanganya, yaani bustani hizi ni za nani hasa. Minneapolis kule Marekani tangu 1883 ina bodi ya bustani iliyo huru, wajumbe wake wanachaguliwa na wananchi moja kwa moja na ina sehemu yake ya kodi, kwa hiyo bustani hazikai kwenye foleni moja na polisi kila mwaka wa bajeti. Chicago mwaka 1934 iliunganisha mamlaka ndogondogo 22 za bustani zikawa mamlaka moja. Seattle wapiga kura walikubali mwaka 2014 kuunda mamlaka ya bustani yenye uwezo wa kutoza kodi ya majengo, na sehemu ya hela hizo ikaelekezwa kwenye matengenezo makubwa yaliyokuwa yamelimbikizana. Uingereza kuna mfano ninaoupenda kuliko yote, Milton Keynes: mwaka 1992 badala ya bustani za mji kukabidhiwa halmashauri zilikabidhiwa shirika la hisani, na shirika likapewa pamoja nazo majengo ya biashara, ili kodi ya pango ya majengo hayo ilipie utunzaji. Aliyefikiria vile alikuwa ameshaelewa kwamba kumpa mtu bustani bila kumpa chanzo cha kuitunza ni kumpa mzigo.

Halafu kuna Central Park ya New York, inayotajwa kila mara na mara nyingi inatajwa nusu. Bustani ile ya hekta 341 katika miaka ya 1970, jiji lilipokaribia kufilisika, iliharibika vibaya, nyasi zikawa vumbi, majengo yakajaa maandishi, watu wakaanza kuogopa kuingia. Mwaka 1980 likaundwa shirika la hisani, Central Park Conservancy, likaanza kuchangisha hela kwa watu binafsi, na leo ndilo linaloendesha bustani kwa mkataba na jiji na kuleta sehemu kubwa ya bajeti yake. Jambo walilofanya ambalo kwangu ni kubwa kuliko michango ni kugawa bustani katika kanda 49, kila kanda ikapewa mtunza bustani wake anayewajibika nayo. Kabla ya hapo vikosi vilikuwa vinazunguka tu, kikipita kikosi cha nyasi kinakata nyasi, kikipita cha taka kinaokota taka, na bomba lililopasuka kati ya zamu hizo mbili lilikuwa si la mtu. Ukimpa mtu eneo lake anajua mti upi umeanza kukauka na benchi lipi linalegea, na wanaokuja kila siku wanajua wamwambie nani.

Nusu ya pili ya hadithi ni kwamba Central Park imezungukwa na baadhi ya watu matajiri zaidi duniani. Bustani ndogo kwenye mtaa wa wafanyakazi haiwezi kuchangisha hivyo, hata wakazi wake wawe na moyo kiasi gani. Kwa hiyo jiji likianza kutegemea wahisani, bustani zilizokuwa tayari na bahati zinazidi kung'aa na zile nyingine zinabaki na bajeti ileile, na diwani anaweza hata kuona hakuna tatizo kwa sababu bustani anayoenda yeye iko vizuri. Siyo kwamba michango ni mibaya, hapana, ila jiji lenye akili linachukua unafuu lililoupata kwenye bustani yenye wahisani na kuupeleka kwenye bustani isiyo nao, na hilo linahitaji mtu alisimamie kwa makusudi maana lenyewe halijitokezi.

Na hata ndani ya bustani moja umiliki unachanganya. Ardhi inaweza kuwa ya jiji, mto unaopita katikati ukawa wa mamlaka ya maji, miti ya pembeni ikawa ya idara ya barabara, uwanja wa mpira ukawa wa shule, na kibanda cha kahawa kikawa na mkataba wa mtu binafsi. Ndo maana unapiga simu kulalamikia mti ulioinamia njia unarushwa ofisi tatu. Sio lazima wawe wazembe, mara nyingi kila mmoja anasema ukweli wake.

Tuingie kwenye utunzaji wenyewe sasa, maana hapa ndo watu hudhani ni kufagia tu.

Chukua eneo la kuchezea watoto. Kinachoumiza watoto wengi zaidi pale ni kuanguka, kwa hiyo kitu muhimu kuliko rangi za bembea ni kilichopo chini yake. Mwongozo wa tume ya usalama wa bidhaa ya Marekani unasema vipande vya mbao vya kina cha inchi 9, karibu sentimita 23, vinaweza kumlinda mtoto anayeanguka kutoka futi 10, yaani kama mita 3, lakini mchanga wa kina hichohicho unamlinda mpaka futi 4 tu. Sasa tatizo ni kwamba vipande vya mbao vinashindiliwa kwa angalau robo, kwa hiyo unatakiwa ujaze inchi 12 ili ubaki na 9, na hapo bado watoto hawajaanza kucheza. Wakianza, chini ya bembea miguu yao inachimba, pale slaidi inapoishia miguu inachimba, na ndani ya wiki chache sehemu mbili ambazo mtoto ana uwezekano mkubwa wa kuanguka ndizo zenye kina kidogo kuliko zote. Ukitazama kwa mbali eneo limejaa vizuri. Ukienda na rula unakuta udongo mtupu. Kazi ya kurudisha ni dakika chache, mtu na reki yake anavuta vipande vilivyorundikana pembeni anavirudisha katikati, na ile kazi ya dakika chache isipofanyika hakuna thamani ya kifaa kilichoko juu itakayosaidia.

Hivyohivyo kwenye matundu. Uwazi wa kati ya inchi 3.5 na 9 kwenye ngazi au uzio wa kifaa ni hatari kwa sababu mwili wa mtoto mdogo unaweza kupita miguu ikitangulia halafu kichwa kikakwama. Kifaa kikiwa kipya kimepimwa, lakini ubao mmoja ukitoka umetengeneza tundu jipya. Ndo maana viwango vya Ulaya vinataka ukaguzi wa ngazi tatu: wa kutazama kwa macho mara kwa mara, wa utendaji kila baada ya mwezi mmoja hadi mitatu, halafu mkubwa wa kila mwaka. Na ukaguzi unaandikwa, tarehe na sahihi, kwa sababu mtoto akiumia swali la kwanza mahakamani litakuwa lini mara ya mwisho mlikagua na mlikuta nini. Mara nyingine kifaa kinafungwa utepe wa manjano miezi mizima na wazazi wanakasirika, kumbe mkaguzi alifanya kazi yake vizuri na kilichokosekana ni hela ya spea.

Njia za kutembea na za baiskeli nazo zina siri yao na inaitwa maji. Njia ya udongo haiharibiwi sana na miguu, inaharibiwa na maji yanayopata nafasi ya kutembea ndani yake. Wajenzi wa njia wana kanuni ya nusu: njia inayokatiza ubavu wa kilima isiwe na mwinuko unaozidi nusu ya mwinuko wa kilima chenyewe, yaani kilima kikiinuka kwa asilimia 30 njia isizidi 15, na kwa wastani wa njia nzima wanalenga isizidi asilimia 10. Ukizidisha, maji badala ya kukatiza njia na kushuka yanageuza njia kuwa mfereji. Vilevile njia inainamishwa kidogo kuelekea bondeni, kama asilimia 5, sentimita 5 kwa kila mita ya upana, huwezi hata kuiona ukitembea ila maji yanaiona.

Tazama kinachotokea njia ikiachwa. Miguu inashindilia katikati, udongo unasukumwa pembeni, upande wa bondeni kinaota kituta kidogo cha urefu wa vidole viwili. Mvua ikinyesha maji yanafika pale, yanakuta kituta, hayatoki, yanageuka na kufuata njia kuteremka, yanaongeza kasi, yanakwangua. Mvua inayofuata tayari kuna mtaro. Watu hawapendi matope kwa hiyo wanakanyaga nyasi za pembeni, njia iliyokuwa mita moja inakuwa tatu, nyasi zinakufa, mizizi inabaki nje, na mwishoni jiji linaambiwa njia inahitaji kujengwa upya kwa tenda kubwa. Ambapo ukimtuma mtu na jembe mapema akavunja kile kituta na kurudisha mwinamo, maji yangetoka yenyewe. Hii ndo kazi inayofaa sana watu wa kujitolea na miji mingi inawatumia, lakini hata wa kujitolea wanahitaji mtu wa kudumu wa kuwaelekeza, kuwapa zana na kujua kesho waende wapi, bila huyo wanakuja Jumamosi moja wanachoka na hawarudi.

Kwenye njia pia kuna ugomvi wa watumiaji, wenye baiskeli wanaona wanaotembea wanaziba njia, wanaotembea wanaona baiskeli zitawaua, wenye mbwa wanalaumiwa na wote. Alama za nani ampishe nani zinasaidia kiasi. Ipo miji iliyogawa siku, tarehe witiri (1, 3, 5) kwa hawa na shufwa (2, 4, 6) kwa wale, na ipo iliyotenganisha njia kabisa pale penye mteremko ambapo mtu wa baiskeli anakuja kwa kasi. Singapore imeunganisha bustani zake kwa mtandao wa njia wenye zaidi ya kilometa 300, na faida ya kuunganisha ni kwamba njia inaacha kuwa ya matembezi ya Jumapili tu, mtu anaitumia kwenda kazini.

Miti nitaisema kwa ufupi: mti hatari haupimwi kwa ukubwa, unapimwa kwa mambo mawili, uwezekano wa kuanguka na kilicho chini yake. Mti uliooza katikati ya kichaka unaweza kuachwa ukawa makazi ya ndege. Uleule ukiwa juu ya benchi unakatwa. Watu wakiona umekatwa wanalia, na nawaelewa, ila uyoga ulioota kwenye shina chini kabisa unaweza kuwa dalili kwamba ndani hakuna kitu.

Bustani inafanya pia kazi ambayo haina bango, ya kubeba maji ya mvua. Curitiba ya Brazil ilichukua maeneo ya kando ya mito yanayofurika, badala ya kuruhusu nyumba ikaweka bustani na maziwa, kama Barigui iliyoanza 1972, mafuriko yakija yanakaa kwenye nyasi na watu wanasubiri siku kadhaa waendelee kucheza. Walifika hadi kutumia kondoo kukata nyasi. Copenhagen baada ya mvua kubwa ya Julai 2011 iliyozamisha sehemu za jiji ilianza kutengeneza bustani zinazoweza kugeuka bwawa, ikiwemo Enghaveparken. Hapa kuna akili moja ya kibajeti: bustani ikionekana kama miundombinu ya maji inaweza kupata hela za maji, ambazo ni nyingi kuliko za maua.

Haya, tuje kwenye programu, yaani madarasa ya kuogelea, ligi za watoto, mazoezi ya wazee, kambi za likizo, ukumbi wa kukodi. Hapa swali gumu ni nani alipe. Idara nyingi zinapanga programu kwa kuuliza faida inaenda kwa nani. Ikienda kwa jamii nzima, mfano kumfundisha mtoto asizame, kodi inabeba sehemu kubwa au yote. Ikienda zaidi kwa mtu mmoja, mfano kozi ya juu ya tenisi au kukodi ukumbi kwa sherehe, mwenyewe analipa gharama zote na wakati mwingine zaidi, na ile ziada inasaidia zile za bure. Kwa maandishi inapendeza. Shida inaanza bajeti ikibanwa, mkuu wa idara anaambiwa ongeza mapato, na programu zenye mapato ni zile za wenye uwezo, basi taratibu kituo kilichojengwa kwa ajili ya watoto wa mtaa kinajaa yoga ya kulipia na saa nzuri za jioni zimekwisha. Hakuna aliyewafukuza wale watoto, ratiba imewafukuza.

Usajili nao unachuja watu bila kukusudia. Nafasi za kuogelea zinafunguliwa mtandaoni siku fulani saa fulani asubuhi, ndani ya muda mfupi zimeisha, na aliyepata ni yule mwenye intaneti ya haraka, kadi ya benki, na kazi inayomruhusu kukaa mbele ya kompyuta saa hiyo. Punguzo kwa wenye kipato kidogo lipo katika miji mingi lakini ukiliweka nyuma ya fomu ya kurasa kadhaa na vielelezo vya mshahara, wengi wanaostahili hawafiki mwisho. Kinachosaidia kweli ni kutenga sehemu ya nafasi kabla ya kufungua, kuwatumia walimu na vituo vya afya kuwapata watoto, au kufanya baadhi ya vituo vya mtaani viwe bure kabisa bila kumuuliza mtu chochote.

Na bwawa linaweza kuwa zuri likafungwa kwa kukosa mwokoaji, yule laifgadi. Mafunzo mengi yanatumia kanuni ya 10/20, sekunde 10 kumuona anayezama na 20 kumfikia, na ukichora kwenye karatasi eneo ambalo mtu mmoja anaweza kulitimizia hilo unajua mara moja bwawa linahitaji waokoaji wangapi, na wakipungua unafunga. Kazi hiyo ni ya msimu, inalipa kidogo, inafanywa zaidi na vijana, kwa hiyo wakipata kwingine wanaondoka. Usimlaumu meneja aliyefunga.

Viwanja vya mpira ndo penye vita kali kuliko kote. Nyasi za asili zinahitaji kupumzika, zikichezewa kila jioni na mvua juu yake udongo unashindiliwa, mizizi inakosa hewa, goli linabaki upara. Nyasi bandia zinabeba saa nyingi zaidi lakini zinashika joto sana, na baada ya takriban miaka 8 hadi 10 zinabadilishwa zote, gharama ambayo waliozifungua hawakuiweka popote. Saa zilizopo zinagawiwa vipi? Utaratibu wa kawaida ni kwamba aliyekuwa na nafasi mwaka jana anaanza kuchagua mwaka huu. Unasikika wa haki kabisa, mpaka ujiulize nani alikuwepo miaka 30 iliyopita. Timu za wanaume na wavulana. Kwa hiyo ligi mpya ya wasichana inapewa saa tatu usiku kwenye uwanja wa mbali usio na taa. California ililiona hili na mwaka 2004 ikapitisha sheria inayokataza ubaguzi wa kijinsia kwenye michezo ya vijana inayoendeshwa na miji.

Vienna walienda ndani zaidi. Miaka ya 1990 waligundua kwamba wasichana wakifika karibu miaka 10 wanapotea bustanini wakati wavulana wanaendelea kuja. Katikati ya bustani palikuwa na eneo moja kubwa la mpira, wavulana wanalishika, na wasichana hawakutaka kugombana kulipata. Jiji likachukua bustani mbili kwenye wilaya ya Margareten likaongeza njia za kupita, likaweka viwanja vya mpira wa wavu na vinyoya, likagawa ile nafasi kubwa kwa miti na vituta kuwa vipande ambavyo kundi moja haliwezi kuvimiliki vyote. Wasichana wakarudi, na wavulana hawakuondoka. Hakuna sheria iliyowekwa ya nani aje lini, walibadilisha umbo tu.

Na sio kila programu inahitaji jengo. Bogotá tangu 1974 inafunga barabara kwa magari Jumapili na sikukuu, kuanzia asubuhi mpaka saa 8 mchana, zaidi ya kilometa 120 zinakuwa za baiskeli, miguu na watoto, inaitwa Ciclovía, na kuna madarasa ya mazoezi ya bure bustanini. Lami ilishajengwa, jiji linalipia vizuizi, wasimamizi na walimu wa mazoezi.

Mipango ya wapi bustani iwe ina vipimo vyake. Ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani inapendekeza eneo la kijani la angalau nusu hekta hadi hekta moja ndani ya mita 300 kutoka nyumbani, Marekani wanazungumzia mwendo wa dakika 10 kwa miguu. Vipimo hivi ni vizuri ila ramani inaweza kudanganya, ukichora duara kuzunguka bustani unaona mtaa wote umefikiwa kumbe katikati kuna barabara kuu ya njia sita na uzio wa reli. Hapo daraja la miguu au geti la pili upande wa nyuma linaweza kuwafikishia watu wengi bustani ambayo tayari ipo, kabla hujanunua ardhi mpya.

Ardhi yenyewe ikishakuwa bustani inatamaniwa na kila mtu kwa sababu inaonekana tupu. Nairobi mwaka 1989 kulikuwa na mpango wa ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, Wangari Maathai akaupinga, akatukanwa na wanasiasa, na mwishowe mradi ukaachwa. New York mwaka 2001 mahakama ya juu kabisa ya jimbo iliamua kwamba jiji haliwezi kuchukua sehemu ya bustani ya Van Cortlandt kwa mtambo wa kusafisha maji bila idhini ya bunge la jimbo, hata kama mtambo utafukiwa chini na nyasi kurudishwa juu. Kwa hiyo ukitaka kujua kama bustani yako iko salama tafuta hati, je imeandikwa kisheria kuwa bustani, au ni kiwanja cha jiji ambacho kwa sasa kina nyasi?

Halafu kuna upande unaouma. Atlanta wanageuza njia za zamani za reli kuwa mzunguko wa njia wa kama kilometa 35, BeltLine, na sehemu ya hela inatoka kwenye ongezeko la kodi ya majengo ya maeneo yanayoizunguka. Maana yake mradi unategemea thamani ya majengo ya jirani ipande, na ilipanda, na wapangaji wa muda mrefu wakaanza kusukumwa nje kabla hawajaifaidi. Nyumba za bei nafuu zinatakiwa zilindwe kabla jembe la kwanza halijapiga, baadaye ardhi inakuwa ghali mno kwa jiji lenyewe.

Sasa wewe mkazi unaingilia wapi? Wengi wanaenda kwenye kikao cha wazi cha baraza kabla ya kura ya bajeti, wanaongea dakika zao, na hakibadiliki kitu, kwa sababu idara ilishaandika rasimu yake miezi kadhaa nyuma na namba zimeshafungwa. Nenda wakati rasimu inaandikwa, au wakati mpango wa bustani mpya unapitishwa, maana pale kuna maswali ambayo hayajajibiwa kwenye michoro ya rangi. Uliza ikifunguliwa itahitaji saa ngapi za kazi kwa wiki na zimeandikwa mstari upi wa matumizi ya kawaida. Wakikujibu kwamba itaangaliwa na kikosi kilichopo, usikae chini kwanza, uliza kikosi hicho kinapunguza saa kwenye bustani ipi, na omba jina la bustani hiyo liandikwe kwenye muhtasari wa kikao.